Vichwa, sentensi, kadi au jedwali: upange vipi makala yako ya utafiti?

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne aliketi mbele yangu hapa Kisumu akafungua daftari. Ukurasa ulikuwa safi, umepigwa mistari kwa rula: Utangulizi. Usuli wa Gugumaji. Athari kwa Wavuvi. Athari kwa Usafiri. Juhudi za Serikali. Changamoto. Mapendekezo. Hitimisho. Mada yake ilikuwa gugumaji, ule mmea unaoelea na kutanda juu ya maji ya Ziwa Victoria. Akaniambia, "Mwalimu, mpango ninao tayari, lakini nikianza kuandika nakwama." Nilimwomba anionyeshe kwa kidole mahali ambapo makala yake inasema jambo ambalo mtu anaweza kulikataa. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudi juu tena, akanyamaza.

Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa ametoa makala tisa kwenye printa ya saiba, amezipigia mstari kwa kalamu ya kijani, na alizifahamu kuliko nilivyozifahamu mimi. Shida ni kwamba tangu shule ya upili alijua namna moja tu ya kupanga: utangulizi, mwili, hitimisho, na vichwa vidogo katikati. Kwa insha ya kidato cha nne hiyo inatosha, maana insha hutoka kichwani mwa mwandishi mwenyewe. Makala ya utafiti huanza na watu waliokutangulia, na mara nyingi watu hao hawakubaliani. Wewe unaingia kati yao na neno lako. Mpango usioonyesha wanagongana wapi utakuacha njiani ukurasa wa pili.

Nimekaa na wanafunzi wengi wa ukanda huu, wa Maseno, Bondo na Kakamega, na wengine wa Njoro wanaorudi nyumbani likizoni, nikaona kila njia ya kupanga ikifaulu na ikishindwa. Nitasema mapema ninakoegemea. Ukilazimika kuchagua mbili tu, tumia jedwali la vyanzo wakati unasoma, na mpango wa sentensi kabla hujaanza kuandika. Zile nyingine zina mahali pake, na nitaeleza ni wapi.

Vichwa na sentensi

Mpango wa vichwa ndio ule wa namba na maneno mawili matatu: 3. Athari kwa wavuvi, 3.1 Mapato, 3.2 Nyavu, 3.3 Usafiri. Ni mwepesi. Unaweza kuuandika ukiwa kwenye matatu kutoka Kondele, na msimamizi akiutazama kwa nusu dakika anaona eneo utakalogusa. Kwa kazi fupi ambayo hoja yake tayari unaijua vizuri, hauna ubaya wowote.

Mpango wa sentensi una namba zilezile, lakini kila namba hubeba sentensi kamili yenye kitenzi, sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo. Hebu tazama sehemu ileile ya tatu ikiandikwa hivyo (Ghuba ya Winam ni ile sehemu ya Ziwa Victoria iliyo hapa Kisumu):

3. Katika Ghuba ya Winam, gugumaji humwumiza mvuvi zaidi kwa kumzuia kuwafikia samaki kuliko kwa kuwamaliza samaki wenyewe.
3.1 Upepo ukilisukuma tabaka la gugumaji hadi ufuoni, mashua hazitoki hata kama samaki wapo.
3.2 Mizizi hujifunga kwenye nyavu na kwenye injini, na gharama hiyo humwangukia mwenye chombo.
3.3 Baadhi ya samaki, kama kamongo na kambare, huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, na kuna watafiti walioona wakiongezeka palipotanda gugumaji.

Angalia namba 3.3 ilivyofanya. Katika vichwa, yule kijana alikuwa na "Athari kwa wavuvi" na chini yake angeandika, kama wengi wanavyoandika, kwamba samaki wamepungua. Lakini makala mbili kati ya zile tisa zake zilitaja kamongo na kambare kuongezeka. Kichwa kilikuwa kimezifunika zote pamoja kama sufuria inavyofunika mboga mbili tofauti. Sentensi ilipomlazimu aseme "samaki wamepungua" au "samaki hawajapungua", akagundua kwamba lazima aulize: samaki gani? Swali hilo dogo liligeuza makala yake yote.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kupenda sentensi. Kichwa ni jina la mahali, hakikwambii utasema nini ukifika. Mwanafunzi anaweza kuwa na vichwa ishirini na asiwe na wazo hata moja, naye hatajua, kwa sababu ukurasa umejaa na namba zimepangika.

Lakini mpango wa sentensi una gharama zake, na ni haki kuzitaja. Unachukua muda mrefu. Ukurasa mmoja unaweza kula Jumamosi nzima. Unawatisha wanafunzi ambao bado hawajui wanaamini nini. Hatari kubwa zaidi ni hii: ukiuandika mapema mno, kabla ya kusoma vya kutosha, utajifunga kwenye msimamo halafu uanze kutafuta vyanzo vya kuutetea. Nimeona mtu akiacha makala nzuri kabisa kwa sababu ilipinga namba 2.1 yake. Kwa hiyo sentensi zisitangulie usomaji, na ukishaziandika, ziandike kwa penseli.

Ramani ya mawazo na kadi

Wakati bado una mada tu, huna hoja, njia hizi mbili ndizo za kulinganisha.

Ramani ya mawazo ni ule mduara wa katikati wenye matawi, ambao Mwingereza Tony Buzan aliueneza kuanzia miaka ya 1970. Inafaa jioni ya kwanza. Unatoa kila kitu kichwani bila kujali mpangilio, na macho yanaona upana wa mada kwa mara moja. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinaning'inia kwenye katikati. Tawi la kushoto na tawi la kulia hayasalimiani. Makala nayo husomwa kwa mstari, aya moja ikiizaa nyingine, na duara halikwambii ipi itangulie.

Kadi hufanya kinyume. Karatasi moja ya manila ukiikunja mara nne na kuikata unapata vipande kumi na sita. Kila kipande kibebe wazo moja, jina la chanzo na nambari ya ukurasa. Usiache nambari ya ukurasa! Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi ndipo utakapojua thamani yake. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliweka kadi kama 90,000 maishani mwake na vitabu vyake vilitoka kwenye makabati hayo. Wewe unahitaji arobaini au hamsini tu.

Nilimwona dada mmoja kutoka Nakuru akizitandaza kadi zake juu ya mkeka. Aliandika kuhusu Ziwa Nakuru: kwa nini heroe, wale ndege wa rangi ya waridi waliolipa ziwa jina duniani, walipungua pale maji yalipopanda katika mwongo uliopita. Hapo awali alikuwa amechora ramani ya mawazo. Tawi moja lilikuwa "Maji": mvua, Mto Njoro, Makalia, Nderit, misitu ya Mau. Tawi la upande wa pili lilikuwa "Ndege": heroe, kuhamia Bogoria, watalii. Na pembeni kabisa, chini ya tawi la "Kemia", kulikuwa na jani dogo: alkali, yaani ule ukali wa magadi majini.

Kwenye mkeka aliisogeza kadi ya alkali huku na huku, kisha akaiweka kati ya mafungu mawili, na akaiacha hapo. Mvua na mito huleta maji matamu. Maji matamu hupunguza makali ya magadi ziwani. Mwani ule mdogo anaokula heroe mdogo hustawi kwenye maji ya magadi, ukipungua ndege hufuata chakula kwingine. Jani la pembeni lilikuwa ndilo daraja la makala yote. Ramani haikuwa imemficha kwa makusudi, ila haikumpa njia ya kulisogeza.

Kadi pia hazihitaji stima wala bando. Ila hupotea na hulowa. Zitie namba na uzifunge kwa raba kabla hujapanda boda.

Jedwali la vyanzo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu njia hii haitumiki sana na ndiyo inayookoa wengi.

Mapitio ya maandishi ndiyo sehemu inayowachosha wanafunzi wetu kuliko zote, na karibu kila rasimu ninayopewa ina ugonjwa uleule: aya moja kwa kila mwandishi. Fulani alisema hivi. Fulani naye alisema vile. Fulani mwingine aliongeza. Mwandishi wa makala amejigeuza mshereheshaji, anawakaribisha wazungumzaji jukwaani mmoja baada ya mwingine na yeye hasemi lolote.

Jedwali linatibu hilo. Mistari ya kando ni vyanzo vyako, kila chanzo mstari wake. Safu za juu ni maswali. Kwa gugumaji tuliweka maswali matano: walipima wapi, walipima lini, walitumia njia gani, walipata nini, na wanasema sababu ni nini. Daftari kubwa likilazwa kwa upana linatosha. Wenye kompyuta watumie programu ya lahajedwali.

Tuchukue swali ambalo wataalamu waligombania kwelikweli. Gugumaji, mmea wa asili ya Amerika Kusini, ulionekana katika Ziwa Victoria karibu mwaka 1989 na 1990. Upande wa Kenya uliongezeka hadi ukafikia kilele karibu mwaka 1998, ukiziba bandari ya Kisumu na fuo za Ghuba ya Winam, kisha katika muda mfupi sana sehemu kubwa ikatoweka. Kwa nini?

Kundi moja la watafiti linasema ni fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu walioachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, na upande wa Uganda mapema kidogo. Kundi jingine likajibu kwamba kupungua huko kuliandamana na mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kwamba mawingu, mwanga hafifu na mawimbi ndivyo vilivyoumaliza mmea. Kundi la kwanza likarudi: wadudu huchukua miaka michache kuongezeka kabla kazi yao haijaonekana, na mahali pengine duniani wamefanya kazi kama hiyo bila El Niño. Na wapo wanaosema yote mawili yalisaidiana, fukusi wakaudhoofisha mmea, mawimbi yakaukatakata.

Ukipanga vyanzo hivi kwa vichwa, vyote vitaingia chini ya "Juhudi za kudhibiti gugumaji" na mabishano yatapotea. Ukiviweka kwenye jedwali, safu ya tano itakuonyesha mgawanyiko waziwazi. Kisha rudi kwenye safu ya pili, ile ya "walipima lini", uone kama wanaotofautiana walitazama miaka ileile. Rudi kwenye safu ya tatu: nani alihesabu wadudu kwenye majani, na nani alipima ukubwa wa tabaka kwa picha za setilaiti? Mara nyingi ugomvi wa wasomi umejificha kwenye njia waliyopimia.

Siri ni moja: jaza jedwali kwa kwenda kando, lakini liandike kwa kushuka chini. Kila safu ukiishusha kutoka juu hadi chini inakupa aya moja, na aya hiyo itakuwa na waandishi watatu au wanne wakizungumza juu ya jambo moja, wewe ukiwa ndiye unayeendesha mazungumzo. Na pale penye visanduku vitupu, pale ambapo hakuna chanzo hata kimoja kilichojibu swali lako, ndipo penye pengo la utafiti ambalo wasimamizi hukuuliza kila siku. Huhitaji kulibuni. Liko hapo, jeupe.

Ubaya wa jedwali ni kwamba si mpango wa makala nzima. Halikwambii uanzie wapi wala umalizie wapi. Na ukiwa na vyanzo vitatu tu halina maana. Soma zaidi kwanza.

Sehemu nne za makala ya kisayansi

Utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Huu mpangilio huuchagui, unapewa na jarida au na idara yako. Ulikua pamoja na majarida ya tiba katika karne ya 20, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa karibu ndio pekee kwa makala za utafiti mpya katika majarida makuu ya fani hiyo. Kama umekusanya data yako mwenyewe, umepima maji Dunga au umewahoji akina mama wanaouza samaki, utumie bila kusita. Ni rahisi kwa msomaji kujua atafute nini wapi. Pia sehemu ya mbinu utaihitaji mapema, kwa sababu ukiomba leseni ya utafiti kwa NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, utatakiwa uwe na pendekezo linaloeleza utakavyofanya kazi.

Shauri langu kwa wanaoutumia: anza kupanga kutoka matokeo. Chora kwanza majedwali na grafu zako, zipange zifuatane, halafu utangulizi uulize maswali ambayo majedwali hayo yanajibu. Wanaoanza na utangulizi huahidi mengi mno.

Kama makala yako ni ya maktaba, ya kusoma na kulinganisha walichoandika wengine, usijilazimishe kwenye sehemu hizi nne. Utajikuta na kichwa "Matokeo" na huna matokeo.

Programu za akili unde

Wanafunzi huniuliza, na ninaelewa kwa nini. Unaandika mada, sekunde kumi baadaye una mpango wenye namba. Kinachotoka mara nyingi ni vichwa vilevile vya yule kijana wa gugumaji, vimepigwa pasi tu. Programu haijakaa na makala zako tisa na kalamu ya kijani. Na ikikupa marejeleo, yatafute moja moja mpaka uyaone kwa macho yako, kwa sababu wakati mwingine hutunga vyanzo ambavyo havipo. Inaweza kukufaa kukuuliza maswali juu ya mpango ulioutengeneza mwenyewe. Kuutengeneza, hapana.

Kama tayari umeandika

Kuna wanaokuja wakiwa na kurasa kumi na tano na siku mbili tu. Hao siwarudishi kwenye kadi. Fanya mpango wa nyuma: pembeni mwa kila aya andika sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini. Aya inayohitaji sentensi mbili, igawe. Aya mbili zenye sentensi ileile, ziunganishe. Aya usiyoweza kuiandikia sentensi yoyote, iondoe, hata kama lugha yake ni tamu. Saa tatu zinatosha, na hakuna njia nyingine kati ya hizi inayobadilisha rasimu kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Uchague vipi basi

Jiulize uko na nini mkononi leo. Mada tu? Chora ramani usiku mmoja, kesho ununue manila. Vyanzo vingi vinavyokuchanganya? Jedwali, bila kusita. Data yako mwenyewe? Sehemu nne, ukianza na matokeo. Hoja umeanza kuiona? Sentensi. Na kama msimamizi wako anataka vichwa peke yake, mpe vichwa, lakini uwe na ukurasa wako wa sentensi ndani ya daftari, na ndio uandike ukiutazama.

Yule kijana wa gugumaji alikaa na jedwali siku nane. Akarudi na ukurasa mmoja wa sentensi, kumi na nne kwa jumla, akaupeleka kwa msimamizi wake. Ulirudishwa ukiwa na wino mwekundu kando ya namba 3: "Kwa ushahidi gani? Na je, wavuvi wa ndoano nao?" Alinionyesha akiwa na wasiwasi, akidhani ameharibu. Nikamwambia aangalie ule mpango wake wa kwanza, wa vichwa, aliokuwa ameuwasilisha mwezi mmoja kabla. Ulikuwa na alama moja tu ya vema chini ya ukurasa. Kisha tukafungua jedwali, tukaongeza safu ya sita: chombo cha kuvulia.